Peremende za usingizi za mtandaoni zilivyomfanya mzee wangu asimamishe magari Jogoo Road

Wakuu, niaje. Wale mko job mkificha simu chini ya meza, niazimeni dakika chache tu. Bosi akitokea mtarudi kumalizia.

Mimi si mwandishi, ni fundi wa nguo. Niko na kibanda Kariobangi, karibu na wale wa jua kali wanaopiga mabati mpaka unasahau jina lako. Nimebadilisha majina ya watu, lakini mambo yenyewe ni vile yalivyotokea na sijatia chumvi. Kuna mahali nimepunguza hata, kwa sababu mzee wangu siku hizi yuko online na anasoma kila kitu.

Wacha nianze na huyo mzee.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Yule mtu anasimama behewa la nyuma, anapunga bendera ya kijani, ndipo dereva anaondoa treni. Alistaafu zamani lakini mpaka leo Makongeni nzima wanamwita Gadi. Ukiuliza jina lake la kanisa utazungushwa estate yote na hakuna atakayejua unamtafuta nani.

Mama alipotuacha, usingizi wa mzee nao uliondoka. Ukimpigia simu alfajiri, anashika kabla haijalia mara ya pili. Tukamwambia apunguze chai, akapunguza. Tukamnunulia godoro jipya, akasema ni zuri sana kwa kulala macho.

Ndugu yangu wa Eldoret akaona amtumie smartphone ya kumpa kampani. Wakuu, hapo ndipo tuliharibu. Ndani ya muda mfupi mzee alikuwa kwa group za kila aina. Za kanisa, za wastaafu, za watu wa kwetu Kakamega, za kuku wa kienyeji na yeye hana hata yai.

Sasa mtu wa pili. Doreen.

Doreen alikuja kwa kibanda changu mwaka jana wakati kazi ilikuwa imekauka kabisa. Msichana mpole, anacheka na kila mtu, anakuita "Dada Fundi" mpaka unajiona mkubwa. Alitaka nimshonee vifuko vidogo vya kitenge, vya kufungwa na kamba, vile unaweza kuficha kwa kiganja.

"Vya kuweka nini?" nikamuuliza.

"Maua makavu, Dada Fundi. Watu wanaweka kwa kabati, nguo zinanukia. Nauza online."

Nikasema sawa. Nina vipande vya kitenge vimejaa gunia, na hapa kuna mtu anavitaka. Nikashona, akarudi, nikashona tena. Alikuwa mteja yule unamwombea. Hasumbui, anakuja na mandazi, anasalimia hata wale mafundi wa mabati.

Na mama yangu alipofariki, Doreen alikuja matanga. Hakukuja kupiga selfie na sufuria. Alifunga leso kiunoni, akaosha vyombo na mashangazi zangu mpaka jioni. Shikeni hiyo, ndiyo inafanya hii stori inisumbue.

Basi Jumamosi moja asubuhi niko kwa mashine, namalizia kanzu za kwaya, simu ikalia. Mama Musyoka, jirani wa mzee. Huyu mama ni Mkamba mmoja mtulivu sana, hajawahi kunipigia akipiga kelele.

"Kuja haraka! Baba yako yuko barabarani anasimamisha magari!"

"Barabara gani?"

"Jogoo Road! Amevaa koti la kazi!"

Niliruka kwa boda na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

Wakuu, nilichokuta sitasahau. Mzee wangu yuko katikati ya Jogoo Road, amevaa lile koti lake la reli limefungwa vifungo vyote, chini ni pajama na slippers. Mkononi ana kitambaa cha kijani cha kukaushia vyombo. Lori moja la mchanga limesimama mbele yake, nyuma ya lori magari yamejaa mpaka huoni mwisho. Honi zinalia. Watu wamezunguka, simu juu, wanacheka mpaka wanashikana.

Na yeye ana utulivu wa mtu yuko kazini. Anainua kitambaa, anaangalia kushoto, anaangalia kulia.

Nikamfikia nikamshika mkono. "Baba, ni mimi. Twende nyumbani."

Akaniangalia kama abiria msumbufu. "Madam, rudi nyuma ya mstari. Treni ya Kisumu haijapita."

Mzee wangu huniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hajawahi kuniita madam tangu nizaliwe. Hapo ndipo nilijua si mzaha, na wale watu waliokuwa wanacheka nilitaka kuwachoma na pini zote niko nazo.

Dereva wa lori, Mungu ambariki popote alipo, alishuka. Alikuwa mtu mzima, aliona lile koti la reli akaelewa haraka kuliko mimi. Akasimama wima mbele ya mzee, akamwambia kwa heshima, "Gadi, treni imepita. Nimeiona. Laini iko wazi."

Mzee akapumua. Akakunja kitambaa vizuri, akakiweka mfukoni.

Halafu miguu ikamwisha. Tulimdaka mimi na huyo dereva kabla kichwa hakijagonga lami.

Hospitali sitaitaja, lakini walitushughulikia vizuri. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Akauliza mzee amekula nini. Nikasema uji, ndio anakunywa kila asubuhi.

Mama Musyoka, ambaye alikuwa ametufuata na kikapu chake, akasema, "Na zile peremende zake?"

"Peremende gani?"

"Za usingizi. Anatumiwa. Alinionjesha nikakataa, mimi mambo ya kutafuna kitu kinafanana na mdudu siwezi." Akatoa kwa kikapu kile alichokuwa ameokota chini ya mto wa mzee.

Kilikuwa kifuko kidogo cha kitenge, kimefungwa na kamba.

Daktari alikifungua, akamwaga peremende laini kwa sahani, za rangi ya zambarau, zinang'aa kama jeli. Akaanza kueleza. Kwamba wameanza kuona watu wakiletwa na vitu kama hivi. Kwamba hazina dawa ya kawaida ndani, ni kemikali mpya zinaundwa zifanane na dawa ya usingizi, na hakuna anayejua kipimo wala madhara, hata anayeziuza. Kwamba mzee lazima hakulala usiku huo, akaongeza zingine asubuhi, na moyo wake ungeweza kusimama.

Nilisikia nusu. Macho yangu yalikuwa kwa kile kifuko. Pindo lilikuwa limeshonwa na uzi wa waridi, na kitenge kilikuwa cha buluu. Nani anashona buluu na waridi? Mtu ambaye uzi wa buluu uliisha na hakutaka kutoka kwenda kununua.

Mimi.

Niliketi kwa benchi nikaanza kuhesabu ni vifuko vingapi nimemshonea Doreen.

Mzee aliamka kesho yake mchana akiwa mzima, akiitisha ugali. Nikamuuliza kama anakumbuka kitu. Akasema anakumbuka alikuwa kazini na kazi ilienda vizuri. Nilicheka na nikalia wakati mmoja. Kama hujawahi kufanya hivyo, ni mchafuko wa uso, usijaribu mbele ya watu.

Kisha akanionyesha kwa simu. Channel yenye wauzaji kadhaa. Mmoja ana vape za kutuliza, mwingine unga wa "kuongeza focus", mwingine chai ya furaha. Na hapo katikati page ya peremende za usingizi, picha za mwezi na mawingu, ushuhuda wa wateja, na maneno "asili, salama, hata kwa wazee". Jina la mtu hakuna. Namba inabadilishwa kila mara. Rider anakuletea parcel na hata yeye hajui ni nini amebeba.

"Walisema ni mimea," mzee akasema, kwa sauti ndogo. "Hata kuna pasta alikuwa ameandika hapo kwamba zimemsaidia."

"Baba, huyo si pasta."

"Alikuwa ameweka picha na kola."

Usiku huo nikamwambia mume wangu kila kitu. Akasema jambo ambalo wengi wenu pengine mngesema. "Nyamaza. Ukienda polisi na hivyo vifuko, wa kwanza kushikwa ni wewe. Utawaeleza nini? Kwamba ulidhani ni maua?"

Na ndivyo ilivyokuwa, nilidhani ni maua! Lakini nikijisikia nikisema hivyo mbele ya karao, hata mimi sijiamini.

Na kulikuwa na Doreen mwenyewe. Kila nikimkasirikia namuona ameinama kwa ile karai ya vyombo siku ya mama, sabuni mpaka kwa viwiko.

Aliyekata maneno ni mzee. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Akavaa kofia yake. "Mama, kuna wazee wengine wanatafuna hizi vitu sasa hivi tukiongea. Twende."

Kituoni nilitarajia kusukumwa seli. Badala yake tulipelekwa kwa inspekta mmoja mwanamke, nitamwita Mueni. Alivyovaa ungedhani ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Alipoona kile kifuko hakushtuka. Akafungua droo, akatoa vingine vya kitenge changu, vya maua mekundu, vya ndege wa manjano.

"Tumemtafuta huyu fundi sana," akasema.

Wakuu, nilinyoosha mikono mbele nikingoja pingu.

Lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema walalamishi wamekuwa wakija, wengine watoto wao wako chuo, wengine wameamkia wodini. Shida ni kwamba hawa wauzaji wanabadilisha kemikali kidogo kidogo. Ya jana ikipigwa marufuku, ya leo tayari ina jina jipya. Na hawana duka. Kila rider waliyemshika alikuwa amepewa parcel na rider mwingine. Mahali vitu vinatengenezwa palikuwa hapajulikani.

"Yeye huja kuchukua vifuko mwenyewe?" akaniuliza.

"Kila mara. Na nina order yake iko karibu kuisha."

Akatabasamu kidogo. "Basi maliza kazi ya mteja."

Nilimwomba jambo moja tu, Doreen asishikwe kwa kibanda changu. Akakubali, tena akasema hata yeye anataka kuona jikoni, si mpishi peke yake.

Siku ikafika. Nilimpigia Doreen, akasema anakuja mchana. Inspekta Mueni akaja mapema na kitambaa chake chini ya kwapa, akasimama katikati ya kibanda kama mteja. Nikaanza kumpima, nikipiga pini kwa gauni alilovaa. Nilimpima kiuno tena na tena mpaka akaninong'oneza, "Fundi, kiuno hakitabadilika."

Doreen akaingia na mandazi.

"Dada Fundi! Nimesikia ni mzee wako alikuwa kwa ile video ya Jogoo Road? Pole jamani! Mimi niliiona, nikacheka, hata nikaituma kwa watu. Kwa lile koti sikumtambua ni wako. Anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri. Pini zilikuwa mdomoni mwangu na nashukuru, kwa sababu zilinizuia kusema mengine.

"Ilikuwa nini? Sukari? Presha?"

Nikatoa pini. Sikuwa nimepanga kuuliza, ilitoka yenyewe. "Doreen, hivi vifuko unaweka nini ndani?"

Macho yake yakaenda kwa gunia la vitenge yakarudi. Kisha akacheka kile kicheko chake. "Si nilikuambia? Maua makavu."

Nilikuwa namwachia mlango, wakuu. Sijui ningefanya nini kama angesema ukweli mbele ya inspekta, lakini nilikuwa namwachia. Akachukua vifuko vyake, akanikumbatia, akasema nimsalimie mzee, akatoka.

Inspekta alihesabu pumzi kidogo halafu naye akatoka nyuma yake. Na pini zangu zote zikiwa bado kwa nguo yake! Aliniambia baadaye kwamba operesheni nzima alikuwa anachomwa mbavuni na hakuweza kupiga kelele.

Yaliyofuata nilisimuliwa na yeye mwenyewe alipoleta pini.

Walimfuata mpaka Kiamaiko, nyuma ya soko la mbuzi. Alikuwa amekodi nyumba hapo na shemeji yake. Mahali palichaguliwa kwa akili. Kwa ile harufu ya mbuzi na machinjio, nani atanusa kemikali inachemka? Wenzake Mueni walikuwa wamevaa gambuti kama wanunuzi wa mbuzi. Mmoja alibishana bei vizuri hadi akauziwa beberu kweli, akawa anafanya arrest akiwa amemshika kamba.

Ndani walikuta sufuria za kupikia pilau ya harusi, trei za jeli, na mifuko ya unga uliotoka nje ya nchi kwa posta, umeandikwa ni rangi ya kutia vitambaa. Shemeji alijaribu dirisha akakutana na mbuzi wengi hawataki kusonga. Doreen hakukimbia. Aliketi kwa kiti akasema, "Ni fundi, sivyo?"

Mueni akachukua simu yake.

Sasa sehemu ya kuchekesha. Simu ya Doreen ilikuwa wazi na page iko on. Makachero wakaandika kwa channel: "Wateja wapendwa, parcel zenu ziko kituo cha polisi. Karibuni mzichukue mkiwa na kitambulisho." Wale wauzaji wengine waliyeyuka kama barafu, ingawa wawili watatu walizolewa wiki hiyo hiyo huko Donholm na Kayole, maana rider walianza kuongea. Lakini wateja? Mmoja alikuja kituoni. Na kitambulisho. Akauliza kama anaweza kupewa mara mbili kwa sababu amecheleweshewa. Walimkalisha, wakamwitia daktari badala ya pingu, na nasikia sasa anaendelea vizuri.

Kesi iko kortini, kwa hivyo sitaingia ndani sana. Kwa lugha yetu ya kawaida, wameshtakiwa kwa kuuza dawa ambazo hazijasajiliwa na kuhatarisha maisha ya watu. Wakili wao anasema ile kemikali haikuwa kwa orodha ya zilizokatazwa siku hiyo. Mimi ni shahidi. Nilipopanda pale mbele, Doreen aliniangalia mara moja tu. Sikuona hasira, ningependa ingekuwa hasira. Aliangalia chini na mabega yakaanza kutikisika.

Mtaani nimegawanya watu. Kuna wanaoniita shujaa na hawaleti kazi. Kuna wanaoniita snitch na wanaleta kazi, kwa sababu bado nashona vizuri. Mzee ameondoka kwa group zote isipokuwa za kanisa na kuku. Daktari amempangia kutembea kila asubuhi na kuongea na mshauri kuhusu mama. Ilibainika alikuwa halali kwa sababu alikuwa anaogopa kuamka bila yeye. Sisi watoto wake hatukuwahi kumuuliza. Tulimnunulia godoro.

Funzo langu ni hilo, wakuu. Kama mzee wako halali, kaa chini umuulize kwa nini, kabla page ya mtandaoni haijamuuliza. Na kitu chochote cha kumeza kisicho na jina la aliyekitengeneza, hata kikiwa na picha ya pasta, wachana nacho.

Lakini sijaandika uzi huu kwa sababu ya funzo.

Jana mama mmoja aliingia kwa kibanda, mtu mzima, kilemba safi, ameshika kitambaa cha kijivu kwa mikono miwili. Akasema anataka gauni la heshima, la kwenda kortini. Nikauliza ni lini. Akataja tarehe ninayoijua.

Nikamwangalia vizuri, nikaona mdomo wa Doreen, ila bila kile kicheko. Alikuwa mama yake.

"Ni yeye aliniambia nije kwako," akasema. "Alisema hakuna mtu anashona kama wewe. Na alisema nikuambie hakujua ni mzee wako. Angejua..." Hakumaliza.

Nilichukua tepu nikampima. Mabega, kifua, urefu. Alipotoka nilikaa na hicho kitambaa mapajani mpaka mafundi wa mabati wakafunga kazi.

Mume wangu anasema nirudishe. Mzee anasema nishone, tena nitie bitana ndani.

Sasa niko kwa mashine, mkasi mkononi, sijakata bado. Ungekuwa wewe, ungeshona? Niambieni, nasoma comments zote.